Siku Moja Uvira: Mwongozo kwa Wafanyakazi Walio Safarini Pamoja

Uvira ni mji wa mkoa wa Kivu ya Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliojengwa katika ukanda mwembamba wa ardhi kati ya milima ya Mitumba na maji ya Ziwa Tanganyika, pale ambapo ziwa hilo linaishia upande wa kaskazini. Wageni wengi hufika huko kwa sababu ya kazi, iwe ni semina, ukaguzi wa miradi, utafiti wa afya au wa maji, mikutano ya makanisa au biashara ya mpakani, na kwa kuwa kazi hizo hufanywa na watu waliotumwa pamoja, siku ya mapumziko inayopatikana katikati ya safari huwa ni mali ya kundi zima, yaani watu wanaofahamiana kwa vyeo na majukumu kuliko kwa mapenzi ya chakula na mwendo wa miguu. Mwongozo huu unahusu siku hiyo moja. Jambo ambalo kundi linapaswa kulielewa kabla ya mengine yote ni kwamba siku ya Uvira hupangwa na ziwa: samaki huingia alfajiri, upepo hubadilika mchana, jua huzama mapema nyuma ya milima, na msafiri anayeamka kwa saa za ofisini hukuta mitumbwi imekwisha kushushwa mzigo na samaki bora wamekwisha kuondoka.

Kabla ya ratiba kuna suala la usalama, nalo halifai kuachwa mwishoni kama tanbihi. Uvira ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuangukia mikononi mwa wapiganaji katika vita vya 1996, mwezi Oktoba. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia Uvira, na Desemba ya mwaka huohuo vita viliufikia mji wenyewe. Kwa hiyo hali ya wiki iliyopita haitoshi kuwa ushahidi wa hali ya leo. Kiongozi wa kundi anapaswa kuuliza upya jioni ya kabla ya matembezi, na kuwauliza watu wanaoishi mjini: mwenyeji wa ofisi, paroko, mchungaji au imamu, madereva wanaokwenda mpakani Kavimvira na kurudi kila siku. Jibu likiwa ni la kusitasita, kundi libaki katika mitaa ya katikati au liahirishe. Mji huu umewalea wageni kwa ukarimu katika nyakati ngumu kuliko zote, na mgeni naye ana wajibu wa kutowatwisha wenyeji mzigo wa kumtafuta gizani.

Suala la pili ni karatasi na fedha. Wanaotoka Burundi huvuka mpaka kati ya Gatumba na Kavimvira, kwenye barabara ya kilomita 30 hivi kati ya Bujumbura na Uvira, ambako huonyesha pasipoti au hati ya kusafiria pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mbele ya maofisa wa uhamiaji na wa afya. Wanaotoka Tanzania na Kenya warudishe saa zao nyuma kwa saa moja, kwa sababu mashariki mwa Kongo hufuata saa ileile ya Burundi na Rwanda. Kosa hili dogo limewafanya wengi wasubiri mwenzao au wasubiriwe. Katika fedha, faranga za Kongo hutumika kwa ununuzi mdogo na dola za Marekani kwa ule mkubwa, lakini noti ya dola iliyochanika hata kwa ukucha, iliyochorwa kwa kalamu au iliyochakaa hukataliwa, hivyo ni busara kila mmoja akague noti zake mapema. Njia nyepesi ya kuepusha minong’ono ni kuchanga mwanzoni mwa siku kiasi kimoja kwa kila mtu, kukikabidhi kwa mweka hazina mmoja ambaye si mkubwa wa ofisi, na kulipia humo usafiri, chai, chakula na vinywaji visivyo na kileo, huku kila mmoja akijilipia bia na zawadi zake. Utaratibu huu unamlinda hasa mfanyakazi wa cheo cha chini, ambaye mbele ya wakubwa wake huona haya kusema kwamba mkahawa uliochaguliwa umemzidi uwezo.

Siku yenyewe ianze saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua halijatokeza. Kwa sababu Uvira iko ukingo wa magharibi wa ziwa, jua lake huchomoza upande wa pili, juu ya milima ya Burundi, na miale yake huja moja kwa moja juu ya maji hadi kwenye milango ya nyumba za ufukweni. Miji mingi ya maziwa husifiwa kwa machweo, lakini sifa ya Uvira ni mapambazuko, na hakuna chakula cha jioni kinachoweza kumfidia msafiri aliyeyakosa. Kundi lishuke hadi mojawapo ya fukwe ambako mitumbwi ya wavuvi hutia nanga, upande wa Kalundu kusini mwa mji au karibu na mitaa ya katikati, likiwa na mwenyeji anayejulikana na wavuvi.

Kinachoonekana hapo kinahitaji maelezo, kwa sababu bila maelezo ni hekaheka za watu na ndoo. Uvuvi mkubwa wa ziwa hili hufanyika usiku kwa taa. Mitumbwi miwili hufungwa sambamba kwa miti na kuwa chombo kimoja, kinachoitwa katamarani, na wavu mpana hushushwa chini yake. Taa, ambazo zamani zilikuwa karabai za mafuta na sasa nyingi ni za betri au za nguvu ya jua, huwashwa juu ya maji, zikawavuta viumbe vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho, navyo vikawavuta samaki wadogo, na hao wakawavuta wakubwa wanaowawinda. Kisha wavu huinuliwa. Samaki wadogo ni ndagala, ambao Watanzania wa Kigoma huwaita dagaa na ambao wataalamu wamewagawa katika jamii mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mwindaji wao mashuhuri ni mukeke, au kwa wingi mikeke, yaani Lates stappersii, samaki mwembamba wa rangi ya fedha ambaye ndiye fahari ya meza za Uvira na Bujumbura pia. Pamoja nao huletwa sangala, aliye ndugu mkubwa wa mukeke, kuhe na ngege, ingawa hawa hupatikana kwa kiasi kidogo zaidi.

Kutokana na mbinu hiyo ya taa, mwezi ndio unaotawala soko. Mwezi mpevu unapong’aa, mwanga wa taa hupoteza nguvu, ndagala hutawanyika, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa wakishona nyavu na kuziba mitumbwi. Wakati huo samaki huadimika na bei hupanda. Msafiri anayeweza kuchagua tarehe ya mapumziko yake atazame mwezi kabla ya kutazama kalenda ya ofisi. Vilevile nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilizotia saini mkataba wa kulitunza kwa pamoja jijini Dar es Salaam mwaka 2003, zimekubaliana kulipumzisha kwa kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane na kukua. Kipindi hicho ni kigumu kwa familia za wavuvi, ambazo hazina shamba la kuzishika, na mgeni anayeletewa samaki mbichi kwa siri wakati wa kufungwa asione amependelewa. Aagize nyama, maharage au samaki wa bwawa, kwa kuwa kila sahani inayonunuliwa wakati huo ni sababu ya mtumbwi mwingine kutoka usiku.

Ufukweni kundi lisimame kando, lisizibe njia kati ya chombo na wanawake wenye mabeseni, maana hao ndio wanunuzi wa kwanza na dakika chache za kucheleweshwa huwapotezea wateja. Salamu hutangulia swali lolote: mwanamke mtu mzima huitwa mama, mwanamume wa umri huitwa mzee au papa, na kijana anayebeba mizigo hujibu vizuri zaidi akiitwa ndugu kuliko akipigiwa mluzi. Picha zisipigwe bila ruhusa ya anayepigwa, na zisipigwe kabisa bandarini, mpakani, kwenye madaraja wala mbele ya wanajeshi na ofisi zao, kwa sababu nchi iliyo vitani huitazama kamera kwa hofu yenye msingi, na simu ikichukuliwa siku nzima ya kundi huishia katika mazungumzo ya kuirudisha. Mtu mmoja aliyezoea kununua, hasa mwenyeji, achague samaki wa mchana hapohapo. Mukeke mzuri ana jicho angavu lililojaa, shavu jekundu chini ya kifuniko chake na mwili unaorudi ukibonyezwa. Mmoja wa wastani hutosha mtu mmoja, na wakubwa hugawanywa kwa wawili.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo makundi mengi huisahau. Samaki hao, au agizo lao kama kundi halikununua lenyewe, wafikishwe kwa mpishi kabla ya saa tatu asubuhi, pamoja na idadi ya watu, saa ya kula na aina ya vyakula vya kando. Katika mikahawa ya Uvira chakula hupikwa kinapoagizwa: samaki husafishwa, hukatwa mikato ya mbavuni, hutiwa chumvi, ndimu, vitunguu na pilipili, kisha huwekwa juu ya makaa, na mkaa wenyewe huenda bado haujawashwa. Kundi la watu wanane linaloingia saa saba na nusu bila taarifa hukaa hadi saa tisa likila karanga, huku alasiri yote ikiwa imepotea.

Baada ya hapo ndipo chai. Karibu na masoko ya mji, likiwemo la Mulongwe, wapo mama wanaouza chai ya rangi au ya maziwa, mikate, maandazi, sambusa na mayai, na kiamsha kinywa cha hapo kina faida mbili: ni rahisi, na kinawaweka wageni katikati ya watu. Soko lenyewe linasomeka kama ramani ya nchi ya jirani na ya mbali. Mchele, nyanya na vitunguu hutoka bonde la Ruzizi upande wa kaskazini. Muhogo na majani yake hutoka vilimani na barabara ya Fizi. Mawese, yaani mafuta mekundu ya mchikichi, hutoka ukanda wa ziwa upande wa kusini. Vitenge, sabuni na vyombo vya plastiki huvuka kutoka Burundi au hupanda kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Kigoma, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914, kisha kwa meli na maboti hadi bandari ya Kalundu. Lugha za sokoni ni Kiswahili, Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kirundi na Kinyamulenge, na Kifaransa kidogo katika kuhesabu fedha. Kiswahili cha Mombasa au cha Dodoma kitaeleweka bila shida, ingawa msemaji wake atasikia maneno mageni na asione haya kuuliza.

Kutoka sokoni kundi litembee kwa miguu kabla joto halijakolea, na matembezi hayo yaambatane na historia, kwa kuwa Uvira ina historia kubwa isiyoonyeshwa kwa minara wala vibao. Tarehe 26 Aprili 1858 Richard Burton na John Speke, Waingereza waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile, walifika Uvira kwa mitumbwi ya Kannena, chifu wa upande wa Ujiji, wakiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, yule Myao aliyewahi kuwa mtumwa nchini India na ambaye bila yeye safari nyingi za karne hiyo zisingefika popote. Wakati huo Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara wa pwani katika kona hii ya ziwa, wakinunua pembe za ndovu na, kwa aibu ya zama zile, watu. Swali la wageni lilikuwa moja: je, mto Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, jambo ambalo lingeufanya kuwa mama wa Nile, au unaingia ziwani? Wenyeji, wakiwemo wana wa chifu wa hapo, waliwaambia waziwazi kwamba unaingia. Burton na Speke walirudi bila kuuona mlango wa mto, na Ulaya ikaendelea kubishana kwa miaka 13, hadi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley walipopiga makasia kutoka Ujiji na kuthibitisha kile ambacho watu wa Uvira walikuwa wamekwisha kukisema. Msafiri wa kikazi, ambaye aghalabu huja na dodoso mkononi, ana sababu ya kusimama ufukweni na kulitafakari jambo hilo, kwa maana taarifa sahihi ilikuwepo na kilichokosekana ni imani kwa aliyeitoa.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo ni kituo cha pili chenye uzito. Jimbo Katoliki la Uvira liliundwa mwaka 1962, na miaka miwili baadaye maasi ya wapiganaji walioitwa Simba, yaliyoingia Uvira Mei 1964, yaliufunika ukanda wote wa ziwa. Tarehe 28 Novemba 1964 wamisionari watatu Waitalia wa shirika la Waksaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri mzalendo Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri hapo Uvira, katika misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo. Wasio Wakatoliki hukaribishwa kutazama nje ya saa za ibada, wakiwa wamevaa kwa staha. Walio Waislamu katika kundi, ikiwa siku ni Ijumaa, wapewe nafasi ya sala ya adhuhuri bila kulazimika kuiomba, na ratiba ya chakula isogezwe kwa ajili yao.

Kwa kundi lenye watu wa sayansi, ofisi moja ya mji huu inastahili asubuhi nzima: Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, yaani elimu ya viumbe na mazingira ya majini, kinachojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CRH. Kituo hicho ni mrithi wa stesheni iliyofunguliwa na IRSAC, taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947. Barua ya maombi itangulie, kwa kuwa hapo ni mahali pa kazi. Watafiti wake huweza kueleza kwa nini ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, hulisha watu kutokana na tabaka lake la juu tu: maji ya chini ya mita mia moja hadi mia mbili hivi hayana oksijeni, na rutuba iliyozama humo hupanda juu pale tu upepo wa kusini wa kiangazi, unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba, unapoyasukuma na kuyachanganya maji. Ziwa likizidi kuwa na joto juu, mchanganyiko huo hupungua, na rutuba inayofika juu kwa ndagala na mukeke hupungua pia. Mtu akiujua ukweli huo kabla ya kula, sahani yake huwa na maana nyingine.

Chakula cha mchana kiwe saa saba, mahali penye kivuli na upepo wa ziwa. Mahali pa kula pa namna hiyo, pa viti vya plastiki na jiko la makaa uani, Wakongo wengi hupaita nganda, na mara nyingi samaki wa hapo hushinda wale wa hoteli kwa sababu hawajapita kwenye barafu. Beseni na jagi la maji ya kunawa hupitishwa kwanza, kwa kuanzia na mkubwa wa umri. Samaki huletwa mzima, kichwa na mkia, juu ya sinia. Pamoja naye huja ugali wa muhogo, mweupe na wenye kuvutika kuliko ule wa mahindi, au wali, au ndizi za kukaanga. Mboga ya heshima ni sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu pamoja na vitunguu na mawese, wakati mwingine yakaongezwa karanga au ndagala wakavu. Kisamvu cha Tanzania ni ndugu yake, ila sombe ya Uvira hunyimwa nazi na kufidiwa kwa mawese, nayo hukolea ladha ya ardhini ambayo mgeni huipenda kwa tonge la pili. Lengalenga, yaani mchicha, hupikwa kwa wale wasiopenda uzito wa mawese. Ndagala wabichi waliokaangwa hadi kukauka huliwa kama kitangulizi, wazima, kwa ndimu na pilipili.

Samaki ana faida ya pekee katika meza ya wafanyakazi wa dini na mila mbalimbali: Mwislamu hamuulizi mchinjaji, Msabato humla kwa kuwa ana magamba na mapezi, mla mboga wa kiasi humvumilia, na mtu wa bara aliyezoea nyama humla kwa udadisi. Mikono ndiyo chombo chake. Mkubwa wa ofisi anayeomba uma na kisu huwalazimisha walio chini yake nao waombe, na mazungumzo hupoa. Akila kwa mkono, akatoa miiba na kumsogezea jirani kipande cha shingo, kinachosifiwa kwa utamu, cheo hupumzika kwa saa moja. Mambo ya kazi yasitawale meza. Mbuzi wa kuchoma na bia zipo kwa wanaozitaka, lakini asiyekunywa asishurutishwe wala asiulizwe sababu.

Onyo la afya ni fupi na zito. Kipindupindu kimekuwa kikijirudia Uvira kwa miongo mingi, hasa maji ya bomba yanapokatika na watu kulazimika kuchota ziwani au mitoni. Kwa hiyo msafiri anywe maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, ale chakula kikiwa cha moto, aepuke barafu na kachumbari isiyojulikana ilikooshwa, na anawe kwa sabuni. Kuogelea hakushauriwi popote penye majani au karibu na mito, kwa sababu ya kichocho, mamba na viboko. Viboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, na mtu aliyesimama kati ya kiboko na maji yuko hatarini sana.

Alasiri kundi lichague upande mmoja tu, kaskazini au kusini, kwa kuwa anayetaka pande zote mbili huishia kuona vumbi la barabara. Upande wa kaskazini, Barabara ya Taifa namba 5 hupita Kavimvira na kuingia bonde la Ruzizi, ambalo ni pana, lenye joto na mashamba ya mpunga, hadi Kiliba, palipokuwa na kiwanda cha sukari kilichosimama wakati wa vita vya 1996 na ambacho kusimama kwake kuliacha mji mzima bila mshahara. Upande wa kusini, barabara hiyohiyo hupita Kalundu na kuelekea Makobola na Baraka, mlima ukiwa umeinama juu ya ziwa, vijiji vikiwa vimebanwa katikati, na mtazamo wa maji ukibadilika kila baada ya kona. Kama usalama ni uleule pande zote mbili, kusini ndiko kuzuri zaidi, nako kunatosha kwenda kilomita chache na kurudi. Gari moja la kukodi ni bora kuliko pikipiki kadhaa, kwani kundi halitawanyiki. Wakilazimika kupanda pikipiki, kila abiria akubaliane bei na dereva, anayeitwa motari, kabla ya kuketi, na mtu asipande bila kofia ngumu.

Njiani, mto Mulongwe usipitwe bila kusimama. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto huo, unaoporomoka kutoka milima yenye vilele vya zaidi ya mita 3,000 hadi ziwa lililo katika mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ulifurika baada ya mvua kubwa, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Katika miaka hiyohiyo ziwa nalo lilipanda likazimeza nyumba za ufukweni na kuathiri bandari ya Kalundu, na mwaka 2024 lilipanda tena hadi kimo kisichoonekana kwa miongo kadhaa. Mji uliobanwa hivyo, mafuriko yakiwa mgongoni na ziwa likiwa miguuni, una haki ya kutazamwa kwa heshima. Kundi lisipige picha za magofu huku wenye nyumba wakiwa wamesimama kando.

Saa kumi alasiri kivuli cha Mitumba huanza kushuka juu ya mitaa ya juu, na ingawa ng’ambo Burundi bado inang’aa kwa jua, Uvira huingia jioni yake mapema. Safari zote za nje ya mji ziwe zimekwisha kufikia saa kumi na moja, na watu wawe karibu na malazi yao giza linapoingia. Soda au chai ya mwisho inywewe mahali panapoonyesha ziwa, ambako taa za Bujumbura huonekana ng’ambo na, usiku usio na mwezi, taa za wavuvi katikati ya maji.

Zawadi ya kubeba nyumbani ni ndagala wakavu, na ununuzi wao una maarifa yake. Walioanikwa juu ya mchanga huwa na bei nafuu lakini hukwaruza meno hata baada ya kuoshwa mara tatu. Walioanikwa juu ya chanja, yaani vichanja vya waya au miti vilivyoinuliwa kutoka ardhini, huwa safi, wa rangi ya fedha, na huvunjika kwa sauti wakikunjwa. Wenye rangi ya manjano wamekaa muda mrefu na mafuta yao yameanza kuchacha. Mnunuzi aonje mmoja, anuse kiganja kilichoshika fungu, kisha apatane bei kwa upole bila kumdhalilisha muuzaji aliyekesha akiwageuza juani. Wafungwe katika mifuko miwili ya plastiki nzito na kutiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya gari la pamoja, kwa sababu harufu yao hukaa katika nguo za mikutano kwa siku nyingi. Wanaovuka mpaka wawataje kwa maofisa wa forodha na wabebe kiasi cha matumizi ya nyumbani, na mweka hazina afunge hesabu ya siku usiku huohuo, mbele ya wote, akirudisha baki kwa kila aliyechanga.